Deni la Elimu na Moyo wa Anayelilipa

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama, wazazi na vijana wa jumuiya)

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake Muhammad, jamaa zake na masahaba zake wote.



Katika mikutano ya Waislamu wa Uganda habari za elimu husemwa sana, na ni haki zisemwe. Wazee husimulia jinsi shule nyingi zilivyokuwa za misheni, na jinsi wazazi Waislamu walivyoogopa kuwapeleka watoto wao huko wasije wakabadilishwa dini. Husimulia pia jinsi Prince Badru Kakungulu alivyotoa ardhi pale Kibuli ili watoto wa Kiislamu nao wapate mahali pa kusoma, na jinsi Chuo Kikuu cha Kiislamu kilivyofungua milango yake Mbale mwaka 1988. Mambo hayo ni ya fahari, wala hayachoshi kusikilizwa. Lakini iko habari nyingine ambayo husemwa kwa kunong'ona tu, nayo ni habari ya kijana aliyekwisha kusoma, akavaa joho, akapigwa picha baina ya baba na mama, kisha akarudi nyumbani na deni.

Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Siku ya kukopa hualikwa watu wote; siku za kulipa mtu hukaa peke yake. Mazungumzo haya ni ya siku hizo za kulipa, na neno lake ni moja: kwamba katika deni la elimu fedha ni nusu tu ya mzigo, na nusu ya pili ni aibu na upweke. Nusu hiyo ya pili jumuiya yaweza kumtua kijana wake leo, hata kama sanduku la jumuiya ni tupu.

Yafaa kwanza ijulikane deni hili limetoka wapi. Zamani, katika nchi tatu za Afrika ya Mashariki, wanafunzi waliofika chuo kikuu walikuwa wachache, na serikali iliwagharimia karibu kila kitu. Wanafunzi walipozidi na hazina za serikali zilipopungukiwa, hasa katika miaka ya 1980 na ya 1990, wazazi waliambiwa wachangie, na asiyeweza kuchangia akaambiwa akope. Kenya ndiyo iliyotangulia. Tangu mwaka 1952, katika wakati wa ukoloni, palikuwa na mfuko wa kuwakopesha waliokwenda kusoma nchi za nje. Mwaka 1974 serikali ya huko ilianza kuwakopesha wanafunzi wa vyuo vikuu, wakiwamo Wakenya waliokuwa wakisoma Makerere na Dar es Salaam. Wengi walidhani fedha zile ni tunda la uhuru ambalo halirudishwi, na kwa kuwa utaratibu wa kuzidai ulikuwa dhaifu, nyingi hazikurudi. Ndipo mwaka 1995 ilipoundwa Bodi kwa sheria, yenye nguvu ya kudai. Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 2004, na Bodi ya huko ikaanza kazi Julai 2005. Uganda ilitunga ya kwake mwaka 2014, na wanafunzi wa kwanza wakakopeshwa mwaka huo huo. Mkopo wa Uganda hulipa ada ya masomo na gharama nyingine za chuo, lakini chakula na malazi humbakia mwanafunzi na wazazi wake.

Basi vijana wa kwanza wa Uganda wamekwisha kuhitimu, na wakati wa kulipa umekwisha kuwafikia. Majirani wamewatangulia katika njia hii, na aliyetangulia njiani ndiye aulizwaye penye matope.

Na achukuliwe kijana mmoja wa upande wa pili wa mpaka, mzaliwa wa Bukoba, mwalimu wa shule ya sekondari. Jina lake halina haja, kwa sababu yeye ni mfano uliokusanywa kutokana na mambo yanayowapata wengi. Ila sheria na viwango vitakavyotajwa katika habari zake ni vya kweli.

Kijana huyu alilelewa na mama mjane aliyeuza ndizi na kahawa. Mwaka 2009 alipoliona jina lake katika orodha ya waliopewa mkopo, alilifuata kwa kidole mara mbili, asije akawa amesoma la mwingine. Mama yake alichinja kuku, majirani wakaitwa, dua ikasomwa. Karatasi ya mkopo ilikuwa na kurasa nyingi, naye aliitia sahihi kama mtu anayepokea kifurushi posta: hakuisoma, wala hapana aliyemwambia aisome. Kwa miaka mitatu ya chuo neno mkopo lilikuwa kwake neno la furaha, kwa kuwa siku ulipofika ndiyo siku aliyokula akashiba. Alipohitimu alikuwa amechukua shilingi milioni 9 za Tanzania, naye hakuijua hesabu hiyo.

Akapata kazi. Watu wa nyumbani walikwisha kuugawa mshahara wake kabla haujaingia: mama alingoja mabati, mdogo wake alingoja ada, na mjomba alingoja neno la shukrani. Januari 2014, alipopokea hati yake ya mshahara, aliona mstari asioutazamia. Mshahara wake wa msingi ulikuwa kama shilingi 600,000, na kiwango cha makato ya mkopo wakati ule kilikuwa shilingi 8 katika kila 100. Kwa hiyo shilingi 48,000 zilikuwa zimekwisha kuondoka kabla hajazigusa.

Hakumwambia mtu. Mama alipouliza habari za mabati, alijibu kwamba mshahara umechelewa. Mwezi wa pili alisema alikuwa mgonjwa. Mwezi wa tatu hakupokea simu. Hakuwa mwongo kwa tabia, bali aliona haya kusema kwamba msomi wa kwanza wa ukoo ameanza maisha akiwa chini ya sifuri, na kila uongo uliomwokoa leo ulidai uongo mwingine kesho.

Mwisho wa mwaka alijipa moyo akaomba taarifa ya deni lake. Wakati ule Bodi ilitoza shilingi 6 katika kila 100 kwa mwaka, zikiitwa tozo ya kulinda thamani ya fedha. Kwa hesabu nyepesi, katika mwaka mzima alikuwa amekatwa shilingi 576,000. Tozo ya mwaka huo ilikuwa shilingi 540,000. Na deni lenyewe lilikuwa limepungua kwa shilingi 36,000, ambazo hazifiki hata mshahara wake wa siku mbili. Mwaka mzima wa chaki, wa kusahihisha madaftari kwa taa usiku, umelisukuma deni hatua moja tu. Akaona anatwanga maji kinuni. Akaikunja ile karatasi, akaiweka chini ya godoro, na kwa miaka miwili hakuitazama tena. Hata mwisho wa mwaka 2016 alikuwa amekwisha kukatwa shilingi 1,728,000, na deni lilikuwa limeshuka kwa kiasi cha shilingi 115,000 tu.

Hapo ndipo moyo wa mwenye kudaiwa huingia gizani. Kwanza huja hasira: juu ya Bodi, juu ya serikali, juu ya wale waliosoma zamani bila kulipa kitu. Kisha huja husuda: mwenzake aliyelipiwa na baba yake ananunua pikipiki, naye ananunua viatu vya mtumba. Kisha huja kitu kibaya kuliko hivyo viwili, nacho ni kujidharau. Huanza kuuliza kama elimu yenyewe ilikuwa na faida, na kama asingekuwa heri kubaki nyumbani akauza ndizi na mama yake. Mwalimu yule aliacha kwenda nyumbani siku za Idi. Msikitini alisali safu ya nyuma akaondoka upesi. Mwishoni mwa mwaka 2016 sheria ilipobadilishwa, na makato yakapandishwa kutoka 8 hadi 15 katika kila 100, alihisi kama mtu aliyeongezewa jiwe juu ya mzigo uliokwisha kumlemea.

Mapema mwaka 2017 alikwenda kwenye mazishi ya jirani. Kama ilivyo desturi ya Waislamu, kabla jeneza halijasaliwa msemaji wa familia alisimama akatangaza kwamba mtu yeyote anayemdai marehemu na aje kwa warithi wake. Maneno hayo kijana alikuwa ameyasikia tangu utoto, lakini siku hiyo yalimwingia kama baridi. Alijiona yeye ndiye aliye ndani ya sanda, na mama yake ndiye aliyesimama akiulizwa. Hofu haiulizi sheria za nchi, huuliza moyo tu. Watu walipotawanyika alibaki amekaa barazani, viatu mkononi.

Mzee mmoja, aliyekuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa kabla ya kustaafu, alimwona akamkaribia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Watu wamekwisha kwenda zao, nawe wangoja nini?"

"Babu, mimi ninadaiwa."

"Nani hadaiwi? Wadaiwa kiasi gani?"

"Nyingi, babu."

"Nyingi si hesabu," akasema mzee. "Nimepima kahawa za watu miaka thelathini, wala sijapata kuona gunia lililoandikwa nyingi. Sema kiasi."

Kijana akanyamaza, kisha akasema: shilingi 8,885,000. Ilikuwa mara ya kwanza tarakimu zile kutoka kinywani mwake, naye alishangaa kuona kwamba ukuta wa baraza haukuanguka. Mzee alimchukua nyumbani kwake, akatoa daftari la mistari, akaandika hesabu ile juu ya ukurasa wa kwanza, na tarehe pembeni. Hakumpa senti hata moja, wala hakuwa nayo. Alimwagiza mambo mawili: kila mwezi, baada ya sala ya Ijumaa ya kwanza tangu apokee mshahara, aje aandike kilicholipwa na kilichobaki, na kabla ya jua kuchwa kesho yake, amweleze mama yake.

La pili lilikuwa zito kuliko la kwanza. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akakaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, miaka yote hii nilidhani umenisahau, kumbe ulikuwa ukiona haya. Mabati hayana haraka. Nyumba imevumilia mvua tangu baba yako yu hai."

Tangu siku hiyo deni halikupungua hata kwa shilingi moja zaidi ya lilivyokuwa likipungua, lakini mtu alilala usingizi. Tena akagundua jambo ambalo hasira ilikuwa imemficha. Makato ya shilingi 90,000 kwa mwezi, ambayo aliyaona adhabu, ndiyo yaliyoanza kulisogeza deni, kwa sababu sasa yalizidi tozo kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2017 deni lilishuka kwa kiasi cha shilingi 547,000, na kila mwaka uliofuata likashuka zaidi ya uliotangulia. Alipoposa mwaka 2019 aliwaeleza wazazi wa binti habari za deni kabla ya mahari kutajwa. Baba wa binti alimwambia kwamba amewapokea wachumba wengi waliokuja na sifa zao, na huyu ndiye wa kwanza kuja na madeni yake, akampa mkono.

Siku ya Mei Mosi mwaka 2021, huko Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuondolewa kwa tozo ile ya 6 katika kila 100. Walimu shuleni walishangilia. Mwalimu huyu alifurahi, kisha usiku akapatwa na uchungu, akifikiri miaka aliyolipa bila kulipunguza deni. Uchungu huo nao ni sehemu ya safari, na hapana haja ya kuukana. Mara nyingi mtu hulia mvua ikikatika, kwa sababu ndipo apatapo nafasi ya kutazama kilichosombwa. Wakati huo zilikuwa zimebaki kiasi cha shilingi 6,150,000. Yeye na mkewe walilima bustani ya mboga na kufuga kuku, wakaongeza shilingi 60,000 kila mwezi juu ya yale makato. Haba na haba hujaza kibaba: miezi 41 baadaye, mwisho wa mwaka 2024, deni likaisha.

Watu hudhani kwamba siku hiyo mtu huruka kwa furaha. Haikuwa hivyo. Mwezi uliofuata aliitazama hati ya mshahara, jicho likautafuta mstari wa makato mahali ulipozoea kuwapo, lisiuone, naye akahisi kama mtu aliyepoteza kitu. Siku ya pili alishikwa na wasiwasi kwamba pengine pametokea kosa, akaandika kuomba barua ya kuthibitisha kwamba amemaliza. Barua ilipofika alikwenda nayo kwa yule mzee. Mzee alisoma polepole, akafungua daftari ukurasa wa mwisho, akampa kalamu apige mstari mwenyewe. Hapo ndipo kijana alipolia. Mabati ya mama yaliezekwa mwaka uliofuata.

Ndugu Waislamu, dini haikuliacha jambo hili bila mafundisho. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu, yaani ya 282 katika Sura ya Bakara, yahusu deni, na amri yake ya kwanza kwa watu wanaokopeshana ni kwamba liandikwe. Wengi huifahamu amri hiyo kuwa ni kinga ya mdai asidhulumiwe, na ni kweli. Lakini ni rehema kwa anayedaiwa pia, kwa maana deni lililoandikwa lina mwisho, na lililofichwa moyoni halina mwisho.

Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, alisimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na deni katika sala yake, hata akaulizwa sababu ya kufanya hivyo mara nyingi. Jibu lake lilikuwa kwamba mtu akidaiwa husema uongo, na huahidi akavunja ahadi. Na itazamwe vizuri: katika jibu hilo Mtume hakutaja njaa wala umaskini, alitaja ulimi. Yule mwalimu wa Bukoba hakufa njaa; kilichoharibika kwanza kilikuwa maneno yake kwa mama yake.

Tena iko habari ya Jabir bin Abdullah, ambaye baba yake aliuawa katika vita vya Uhud akaacha madeni. Jabir alikuwa na tende tu, nazo hazikuonekana kutosha, na wadai walikuwa wakali. Mtume alimwagiza azipange kila aina mahali pake, kisha akaja yeye mwenyewe, akakaa penye zile tende, akaamuru wadai wapimiwe. Wakapimiwa mpaka wote wakamaliza haki zao, na tende zikabaki. Muujiza ni wa Mwenyezi Mungu na wa Mtume wake, lakini liko jambo ambalo kila Mwislamu aweza kuiga: Mtume alikwenda akakaa. Hakumwacha kijana yatima asimame peke yake mbele ya wadai.

Liko na suala la riba, ambalo humtia Mwislamu uchungu wa pili juu ya ule wa kwanza. Tozo ya Tanzania imekwisha kutajwa. Kenya imetoza 4 katika kila 100 kwa mwaka kwa mikopo ya shahada ya kwanza, na faini ya shilingi 5,000 za huko kwa kila mwezi kwa anayeacha kulipa. Wako vijana walioacha chuo kwa kuogopa haramu, na wako waliokopa na hawajapata utulivu wa moyo tangu hapo. Hata Uingereza Waislamu wamelilalamikia jambo hili. Mwaka 2014 serikali ya huko iliwauliza watu maoni juu ya mkopo usio na riba, na mwaka 2017 sheria ikaruhusu uanzishwe, lakini miaka mingi ikapita bila ya mwanafunzi hata mmoja kuupata. Hukumu ya jambo hili ni ya wanavyuoni, nao ndio wa kuulizwa, na wakati wa kuwauliza ni kabla ya kutia sahihi. Ama aliyekwisha kukopa, kujitesa hakumpunguzii kitu. Njia yake ni kulipa upesi kadiri awezavyo, ili tozo ipungue pamoja na deni, na kumwomba Mola wake msamaha bila kukata tamaa.

Basi ni mambo gani yaliyo katika uwezo wa jumuiya?

La kwanza, pasiwe na kijana wala mzazi atakayetia sahihi karatasi ya mkopo peke yake. Katika kila msikiti wako walimu, makarani na mawakili. Mmoja wao na aisome karatasi hiyo pamoja nao, ukurasa kwa ukurasa, mpaka wajue kiasi, muda, tozo na faini. Saa moja ya kusoma yaweza kuokoa miaka kumi ya majuto.

La pili lawahusu wazazi. Mshahara wa kwanza wa mtoto si mavuno, ni mche uliopandwa jana. Mzazi atakayemwuliza mwanawe, "Wadaiwa kiasi gani?" kabla ya kumwuliza, "Utanijengea lini?" amekwisha kumlipia sehemu ya deni, ingawa hakutoa kitu. Na wazazi wa mabinti wasilione deni lililosemwa wazi kuwa ni aibu. La kuogopwa ni lile litakalojulikana baada ya harusi.

La tatu, kila kijana anayelipa apatiwe mtu mmoja mwaminifu wa kushika daftari lake, mtu mwenye siri. Kazi hii haihitaji msomi mkubwa wala tajiri. Yahitaji mzee mwenye subira na kalamu.

La nne ni kwa yule aliyeshindwa kwa haki, kama aliyepoteza kazi au aliyepatwa na maradhi. Yeye asijifiche. Na aandike barua aeleze hali yake, na jumuiya imsaidie kuiandika. Aya ya 280 ya Sura ile ile yamfundisha mdai ampe muda mwenye shida, na yamsifia anayesamehe. Lakini hapana awezaye kumpa muda mtu asiyejulikana alipo. Tena katika Sura ya Tauba, aya ya 60, wenye madeni wametajwa miongoni mwa wanaostahili zaka. Masheikh na waangalie ni nani miongoni mwa vijana hawa aliye katika fungu hilo, na wasiache kuliangalia kwa sababu tu mtu amevaa tai.

La tano ni kwa yule awezaye kulipa naye akakwepa, akihama kazi na kubadili anwani ili asionekane. Dawa ya deni ni kulipa. Fedha zinazorudishwa kwa Bodi hizi ndizo humkopesha mtoto mwingine, pengine wa mjane mwingine anayeuza ndizi. Anayekwepa haidhulumu serikali peke yake. Amekitoa kidole cha mtoto yule katika orodha, kabla hajalifikia jina lake.

Mwalimu wa Bukoba bado anafundisha. Lile daftari la mzee lilikuwa na kurasa tupu nyingi nyuma ya ule mstari, na mzee hakulitupa. Mwalimu wa pili, kijana wa shule ile ile, alikwisha kuletwa kwake Ijumaa iliyofuata. Alipoulizwa kiasi anachodaiwa alijibu kwamba ni nyingi, na safari hii aliyemwambia kuwa nyingi si hesabu hakuwa mzee.

Mwenyezi Mungu awape vijana wa jumuiya elimu yenye manufaa, awape riziki ya halali, awawezeshe kulipa wanayodaiwa kabla hawajalala katika sanda, na awape wazazi na ndugu wa kukaa nao penye hesabu. Amin.

Wabillahi taufiki. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.